Timu ya Chuo, Mali ya Nani? Miaka 99 ya Klabu ya Wits

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wahadhiri, wanafunzi na viongozi wa michezo. Umechapishwa kama ulivyosemwa, pamoja na maneno ya pembeni.

  

Waandaaji walipendekeza kwanza nizungumzie Simba na Yanga. Nilikataa kwa ajili ya usalama wangu. (Kicheko.) Nikaomba niende mbali kidogo, Johannesburg, kwa klabu iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu, ikacheza soka la kulipwa, ikatwaa ubingwa wa Afrika Kusini, na miaka mitatu baadaye ikafutika kabla ya kutimiza karne. Watu wa Yanga na wa Azam wavute subira, kwani wote wawili wamo ndani ya kisa hiki.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba timu ya mpira ina sehemu tatu, na kwamba sehemu hizo zinaweza kutenganishwa. Ya kwanza ni jina, pamoja na rangi na nembo. Ya pili ni watu, yaani wachezaji, mashabiki na uwanja wanakokutana. Ya tatu ni nafasi ya kucheza ligi, ambayo watu wa kawaida hawaioni kwa sababu haina jezi wala wimbo. Taasisi inayoanzisha timu hudhani ikishika jina imeshika vyote vitatu. Wits inatufundisha vinginevyo. Nitaeleza kwa hoja tano, kisha nirudi nyumbani.

Hoja ya kwanza: Timu ilizaliwa kwa ajili ya kucheza, wala si kwa ajili ya kumilikiwa

Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho wenyewe hukiita Wits, ni mtoto wa migodi. Mzizi wake ni shule ya madini iliyofunguliwa Kimberley mwaka 1896, kwenye machimbo ya almasi, ikahamishiwa Johannesburg mwaka 1904, kwenye machimbo ya dhahabu. Ilibadilishwa jina mara kadhaa. Mwaka 1920 ilikuwa chuo kishiriki, na mwaka 1922 ikapata hadhi kamili ya chuo kikuu.

Timu ya mpira ilianzishwa mwaka 1921. Hesabuni wenyewe: timu ina umri mkubwa kwa mwaka mmoja kuliko chuo kikuu chenyewe. Waliianzisha wanafunzi kupitia baraza lao, ili wenye kupenda kandanda wapate pa kucheza na wa kucheza naye mjini. Kwa kulinganisha, Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba 1936. Orlando Pirates ya Soweto ni ya 1937, na Kaizer Chiefs ni ya 1970. Kwa umri, Wits ilikuwa mkubwa wa wote hawa, ingawa kwa umaarufu haikuwahi hata kuwakaribia.

Ninalotaka mlishike hapa ni hili. Mwaka 1921 hakukuwa na ligi ya kulipwa Afrika Kusini. Ligi ya kwanza ya aina hiyo ilianza mwaka 1959. Kwa hiyo kijana aliyekuwa akifunga kamba za viatu kwenye kiwanja cha chuo hakuwa na sababu yoyote ya kuuliza nafasi ya ligi ni mali ya nani, kwa kuwa nafasi hiyo haikuwa na bei. Baraza la wanafunzi hubadilika kila mwaka, mwanafunzi hukaa miaka mitatu au minne akahitimu akaenda zake. Jambo lililoachiwa watu wanaopita hubaki bila mlinzi, na siku linapopata thamani, anayelichukua ni yule aliyekuwepo. Wahenga walishalisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hoja ya pili: Chuo kiliipa timu heshima, lakini kikaizungushia ukuta

Hii ndiyo sehemu ya kisa inayohuzunisha, na mtaniruhusu niikawie.

Nelson Mandela alijiandikisha kusoma sheria Wits mwaka 1943. Eduardo Mondlane, ambaye jina lake hapa Dar es Salaam halihitaji utambulisho, aliingia Wits mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1949, baada ya makaburu kushika serikali, akalazimishwa kuondoka nchini. Huyu ndiye aliyekuja kuongoza FRELIMO kutoka jiji hili tangu 1962, na akauawa kwa bomu hapahapa mjini, Februari 1969.

Watu wa aina hiyo walikaa kwenye madarasa ya Wits. Je, wangeweza kuichezea timu ya Wits? Hapana. Chuo kilikuwa na msimamo ambao kikiutamka kilijiona kiungwana: katika masomo wanafunzi wote wako sawa, katika maisha ya jamii kila rangi na upande wake. Mwanafunzi mweusi aliruhusiwa maktaba na ukumbi wa mihadhara. Uwanja wa michezo na dansi za wanafunzi alinyimwa. Mwaka 1959 serikali ikafunga hata ule mlango mdogo uliokuwa wazi, kwa sheria iliyomtaka mwanafunzi mweusi apate kibali cha waziri kabla ya kuingia vyuo kama Wits. Mwaka huohuo wa 1959 ilianza ile ligi ya kulipwa niliyoitaja, nayo ilikuwa ya weupe peke yao.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini klabu kongwe namna ile haikuwa na mashabiki wengi. Wengine hujibu kwamba mpira wa wasomi hauna ladha. Mimi nawaambia watazame ramani. Si mbali sana na chuo iko Soweto, iliyojaa watu wanaoupenda mpira kuliko chakula. Watu wale walikatazwa kuishi karibu na chuo, na timu ya chuo ikakatazwa kucheza nao. Mapenzi ya timu hurithiwa, baba humpeleka mwana uwanjani. Wits ilikosa vizazi viwili vya baba. Pirates, Moroka Swallows na baadaye Chiefs ndio waliovipata.

Ulimwengu haukunyamaza. FIFA iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961 na kuifukuza mwaka 1976, mwaka uleule watoto wa Soweto walipopigwa risasi. Ndani ya nchi ligi ya weupe ikafifia, na ilipofika 1978 baadhi ya klabu zake zilikuwa zimejiunga na ligi ya weusi, ile yenye timu za mashabiki wa kujaza viwanja. Wits ilikuwa miongoni mwa zilizohamia. Mwaka huo huo wa 1978 ilitwaa Kombe la Mainstay kwa kuifunga Kaizer Chiefs kwenye fainali. Kombe lao kubwa la kwanza walilipata mara tu walipokubali kucheza na nchi nzima.

(Mzee mmoja safu ya mbele anauliza: na golikipa wao si yule aliyekwenda Manchester?) Ndiye huyo, mzee wangu. Gary Bailey alidakia Wits kabla ya kujiunga na Manchester United mwaka 1978, na baba yake, Roy Bailey, alikuwa golikipa wa Ipswich Town. Hivyo kiwango cha mpira kilikuwepo. Kilichokosekana ni umma nyuma ya timu, na pengo hilo litatusaidia kuelewa hoja inayofuata.

Hoja ya tatu: Timu isiyo na umma hutafuta tajiri

Chuo kikuu hakikuumbwa kulipa mishahara ya wachezaji. Kikifanya hivyo, mhadhiri atauliza kuhusu maabara, mwanafunzi atauliza kuhusu ada, na wote wawili watakuwa na haki. Klabu ya soka la kulipwa inaishi kwa viingilio, mauzo ya wachezaji, fedha za televisheni na udhamini. Uwanja wa Wits, pale Milpark pembeni ya chuo, unachukua watu wapatao 5,000. Mnaoufahamu uwanja wa Chamazi mnajua uwanja mdogo unaleta kiasi gani mlangoni.

Akaja mdhamini. Kampuni ya Bidvest, yenye biashara za huduma na usambazaji bidhaa, iliingia kwenye klabu, na katika miaka ya 2000 jina lake likatangulia jina la chuo: Bidvest Wits. Uwanja nao ukaitwa kwa jina la kampuni. Siwalaumu. Mwaka 2005 timu ilikuwa imeshuka daraja, na mwaka uliofuata ikarejea. Bila fedha za tajiri pengine isingerejea. Lakini angalieni mwendo wa mambo: mdhamini akawa mshirika, mshirika akawa mwenye hisa nyingi, na mwenye hisa nyingi ndiye anayeamua. Jina la chuo lilibaki kwenye jezi. Uamuzi ulihamia kwenye ofisi ya kampuni.

Kwa upande wa mpira, ndoa hiyo ilizaa matunda. Mei 2010, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, uwanja wa Soccer City uliokuwa umejengwa upya ulipokea fainali ya Kombe la Nedbank. Wits, ikifundishwa na Roger De Sá, mzaliwa wa Msumbiji aliyewahi kuwa golikipa, iliifunga AmaZulu mabao 3-0. Klabu yenye uwanja wa watu 5,000 ikaonja uwanja wa watu zaidi ya 90,000.

Mwaka 2013 wakamchukua Gavin Hunt, kocha aliyekuwa ameshatwaa ubingwa mara tatu mfululizo akiwa SuperSport United. Hunt hakujenga timu ya kupendeza macho. Alitaka timu ngumu, yenye wachezaji waliokomaa: Thulani Hlatshwayo nahodha, Darren Keet golini, Daine Klate pembeni, na Elias Pelembe kutoka Msumbiji.

Hapa watu wa Azam wakae vizuri. Machi 2016, katika Kombe la Shirikisho Afrika, Azam ilikwenda Johannesburg ikaifunga Wits 3-0, kisha ikaifunga tena 4-3 Chamazi. Jumla 7-3. (Makofi.) Makofi hayo ni ya haki, ila naomba tuone na upande wa pili. Wits waliopigwa saba na Azam ndio walioshika nafasi ya pili ligi kuu ya Afrika Kusini msimu huohuo. Oktoba mwaka huo waliifunga Mamelodi Sundowns, mabingwa wa Afrika wa mwaka huo, mabao 3-0 katika fainali ya Kombe la MTN8. Tarehe 17 Mei 2017, nyumbani kwao Milpark, waliifunga Polokwane City 2-0 wakawa mabingwa wa nchi, kwa mara ya kwanza tangu 1921. Desemba wakaongeza Kombe la Telkom kwa kuifunga Bloemfontein Celtic.

Jina lao la utani ni Clever Boys, vijana wenye akili. Kwa miaka mingi watani wao walilitamka kwa kejeli, kwamba akili zao zimeishia vitabuni. Mwaka 2017 kejeli ilikoma.

Hoja ya nne: Ubingwa haumlindi asiyeshika nafasi

Juni 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya UVIKO-19, ilitangazwa kwamba nafasi ya Wits katika ligi kuu imeuzwa. Mnunuzi alikuwa mmiliki wa Tshakhuma Tsha Madzivhandila, ambayo kwa kifupi huitwa TTM, timu ya daraja la pili kutoka jimbo la Limpopo, kaskazini kabisa, mpakani na Zimbabwe. Wits walimaliza msimu wao wa mwisho viwanja vikiwa vitupu, wakashika nafasi ya nne. Tunazungumzia timu ya nne kwa ubora nchini, iliyotwaa ubingwa miaka mitatu nyuma, ikiwa na umri wa miaka 99. Haikushuka daraja wala haikufungiwa. Iliuzwa.

Tuelewane vizuri kuhusu kilichouzwa, kwa sababu hapo ndipo zile sehemu tatu zinapojitenga mbele ya macho yetu.

Jina halikwenda popote. Wits ni chuo kikuu, na jina lake lilibaki chuoni, lakini ligi kuu haikuwa na jina hilo tena. Watu walitawanyika. Hlatshwayo, pamoja na Thabang Monare na Mnamibia Deon Hotto, walikwenda Orlando Pirates. Gavin Hunt akachukuliwa na Kaizer Chiefs. Uwanja wa Milpark ukabaki pale pale. Kilichosafiri kwenda Limpopo ni nafasi peke yake.

Kwa nini nafasi ilikuwa na bei? Kwa sababu ya televisheni. Mwaka 2007 haki za kuonyesha ligi ya Afrika Kusini zilichukuliwa na SuperSport kwa fedha nyingi kuliko zilizowahi kuonekana nchini humo, na kila klabu ya ligi kuu ikawa na mgawo wake wa uhakika. Tangu hapo kuwa mmoja wa wale 16 kulikuwa na thamani hata kama uwanjani hakuji mtu. Kanuni za ligi nazo ziliruhusu nafasi kuuzwa kwa idhini ya wakuu wa ligi. Wits haikuwa peke yake. Mwaka 2016 Mpumalanga Black Aces ilinunuliwa ikawa Cape Town City. Mwaka 2020 Highlands Park ilinunuliwa na TS Galaxy. Mwaka 2021 ikaja zamu ya Bloemfontein Celtic, klabu yenye mashabiki waaminifu mno, nafasi yake ikaenda Royal AM ya Durban. Kwa hiyo hata umma peke yake si kinga. Umma usio na hati unaweza kuandamana, lakini hauwezi kuzuia mauzo.

Sasa tuifuate nafasi ya Wits ilivyosafiri. TTM walipata shida za fedha, na kabla msimu wao wa kwanza haujaisha wakauzwa kwa mmiliki mwingine. Katikati ya vurugu hizo walitwaa Kombe la Nedbank, Mei 2021, kwa kuifunga Chippa United 1-0. Halafu wakabadilishwa jina wakaitwa Marumo Gallants.

Naona upande wa kijani na njano mmeshalitambua jina. (Kelele na vigelegele.) Naam. Mei 2023, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na Marumo Gallants. Kwa Mkapa, Aziz Ki na Bernard Morrison wakafunga, 2-0. Kule Rustenburg, Fiston Mayele na Kennedy Musonda wakafunga, 2-1. Jumla 4-1, na Yanga ikaingia fainali ya Afrika. Mechi ya marudiano ilichezwa tarehe 17 Mei 2023, miaka sita kamili tangu usiku wa ubingwa wa Milpark. Wapenzi wa Yanga waliojaa baa za Kariakoo usiku ule walikuwa wakishangilia dhidi ya nafasi iliyofunguliwa na wanafunzi wa chuo kikuu, bila wao kujua, na nathubutu kusema hata wachezaji wa Gallants hawakuwa na sababu ya kulifikiria.

Kisa hakijaisha. Msimu huohuo Marumo Gallants ilishuka daraja, nafasi iliyotoka Wits ikapotea kihalali, uwanjani. Mwaka 2024 Gallants wakarudi ligi kuu. Walirudije? Walinunua nafasi ya Moroka Swallows, klabu ya Soweto iliyoanzishwa mwaka 1947. Ukongwe wa pili ukaingia sokoni kwa njia ileile.

Yupo atakayenipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: bora timu iuzwe kuliko ife na madeni. Tajiri alitumia fedha zake kwa miaka mingi, akachoka, ana haki ya kuuza, na watu wa Limpopo nao wana haki ya kuona ligi kuu. Nakubali haki ya mtu kuchoka. Ninachouliza ni kitu gani alichokuwa anamiliki. Kama alitia fedha kwenye mishahara, usajili na uwanja, auze alivyonunua. Lakini ile miaka ya tangu 1921 hakuinunua, aliikuta. Nani aliyewahi kukaa mezani kuitetea? Baraza la wanafunzi la 1921 lilikuwa limeshahitimu.

Hoja ya tano: Vyuo vingine vilijibu swali hili kwa njia tofauti

Nitapita haraka kwenye mifano miwili ili isije ikadhaniwa kwamba mwisho wa Wits ndio mwisho wa kila timu ya chuo.

Wa kwanza ni Académica ya Coimbra, Ureno. Umoja wa wanafunzi wa chuo hicho kikongwe uliundwa mwaka 1887, na timu yake ndiyo iliyotwaa Kombe la Ureno la kwanza kabisa, mwaka 1939, kwa kuifunga Benfica 4-3. Huko ndiko Mário Wilson, mzaliwa wa Lourenço Marques, leo Maputo, alikocheza na kisha kufundisha, akaifikisha nafasi ya pili ya ligi msimu wa 1966/67. Aprili 1969 kiongozi wa wanafunzi alinyimwa ruhusa ya kuzungumza mbele ya rais wa nchi, na chuo kikawaka moto wa migomo. Juni timu ikaingia fainali ya kombe. Wachezaji waliingia uwanjani wakiwa na majoho meusi ya wanafunzi, jukwaa likageuka mkutano wa kupinga udikteta, rais hakuthubutu kuhudhuria, na televisheni haikuonyesha mechi. Benfica walishinda 2-1 katika muda wa nyongeza, kwa bao la mtoto mwingine wa Msumbiji, Eusébio.

Baada ya mapinduzi ya 1974 wanafunzi wenyewe waliamua kwamba soka la kulipwa si kazi ya umoja wao, wakaivunja idara ya mpira. Timu ikaendelea kwa jina jingine karibu na lile, hadi 1984 iliporejeshwa chini ya mwavuli wa umoja ikiwa chombo kinachojitegemea. Mwaka 2012 ikatwaa kombe tena kwa kuifunga Sporting 1-0. Leo iko madaraja ya chini na inahangaika. Lakini ni ya Coimbra, na hata kuhangaika kwake kunajulikana ni kwa nani.

Wa pili ni Pumas ya Meksiko, timu ya chuo kikuu cha taifa, UNAM, iliyoanza soka la kulipwa mwaka 1954 katika daraja la pili na kupanda mwaka 1962. Wanacheza kwenye uwanja wa chuo uliofungua michezo ya Olimpiki ya 1968. Uendeshaji wa timu ulikabidhiwa chombo maalumu kisicho cha biashara, chuo kikabaki na jina na nembo, na timu ikaendelea kulea vijana wake yenyewe. Hugo Sánchez, aliyekuja kuwa mfungaji bora wa ligi ya Hispania mara tano, alitoka humo, na alisomea udaktari wa meno hapohapo chuoni. Baadaye alirudi akiwa kocha, na mwaka 2004 akatwaa ubingwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Pumas ina umma, na umma huo ulilelewa kwa sababu milango ya uwanja wake haikufungwa kwa rangi ya mtu.

Mkiiweka mifano hii miwili na ule wa Wits mezani mtaona kwamba fedha si jibu lote. Coimbra ilikuwa maskini kuliko Wits ya Bidvest. Tofauti ni kwamba kule kuna mkutano ulioitishwa, watu wakabishana, wakaandika nani ana nini.

Turudi nyumbani

Ndugu Mwenyekiti, soka letu limejaa timu za taasisi: Tanzania Prisons, JKT Tanzania, Mtibwa Sugar, KMC ya Manispaa ya Kinondoni, Azam ya kampuni. Nasi pia tumeanza kuzoea kulala na timu moja na kuamka na nyingine. Ihefu ya Mbeya ndiyo iliyogeuka Singida Black Stars mwaka 2024. Sisemi ni kosa, nasema ni jambo linalokuja kwa wingi kadiri fedha za televisheni zinavyoongezeka, na halitasubiri tuwe tayari.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa taasisi yoyote, kiwe chuo, jeshi au halmashauri, inayomiliki au inayofikiria kuanzisha timu.

La kwanza: katiba ya timu itamke nafasi ya ligi ni mali ya nani, kwa maneno ya wazi, mbali na jina na mbali na uwanja. Mdhamini akija, asaini akiwa amekisoma kifungu hicho.

La pili: kuuza au kuhamisha nafasi kuhitaji kura ya mkutano mkuu, na mwanzilishi apewe haki ya kwanza ya kuinunua. Kama Wits wangekuwa na kifungu cha namna hiyo, huenda wangeshindwa kuinunua. Lakini wangepewa muda wa kuwatafuta wahitimu wao, na wahitimu wa Wits si watu wa kukosa fedha.

La tatu: timu ifungue lango kwa majirani zake tangu siku ya kwanza. Chuo kinachotaka timu ya kudumu kiipeleke kwanza kwa watu wanaoishi nyuma ya ukuta wake.

Kuna swali moja la karibu zaidi. Serikali yetu ilielekeza kwamba klabu za wanachama zinapoingia kwenye hisa, wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wapate 49. Ni mwanzo mzuri. Lakini asilimia ni hesabu ya fedha, nami nauliza kuhusu nafasi. Ikitokea mwekezaji kachoka, nafasi ya ligi kuu iko kwenye daftari gani, na limeandikwa na nani? Yanga itatimiza miaka 100 mwaka 2035, Simba mwaka 2036. Wits iliuzwa ikiwa imebakiza mwaka mmoja kufika huko. Wanafunzi wa sheria mlioko ukumbini, mnayo miaka ya kutosha kabla ya sherehe hizo kuziomba katiba za klabu zenu, kuzisoma kifungu kwa kifungu, na kusimama kwenye mkutano mkuu kuuliza. Chuo cha Wits bado kina wanafunzi wanaocheza mpira katika mashindano ya vyuo, wanaanza upya kama walivyoanza wale wa 1921. Safari hii natumaini mmoja wao atakuwa ameshika kalamu.

 Sasa nayasubiri maswali, yakiwemo ya watu wa Simba, ambao leo nimewatendea haki kwa kutowataja sana. (Kicheko na makofi.)